Mashine ya masikio: kutoka chumba cha kipimo hadi kopo la usiku

Mchana mmoja wajukuu walipiga hodi, wakasema, "Bibi, ni sisi!" Mama yangu akajibu kutoka uani, "Fisi? Fisi gani Tanga saa hizi?" Tukacheka sana, yeye akanuna hadi jioni. Mashine ya masikio alikuwa nayo, tena mbili, ya kulia na ya kushoto. Zilikuwa zimelala kwenye mtoto wa meza kwa miezi minane, betri zimetoa unga mweupe. Ukimuuliza, anasema zinapiga miluzi na zinamwagia masufuria kichwani.

Tulidhani mashine mbovu, au bibi mkaidi. Kumbe kizibo, kile kipande kinachoingia kwenye tundu la sikio, hakikumkaa, mashine haikurekebishwa tangu siku tuliyoichukua, na sisi tuliomzunguka hatukujua hata betri inafunguliwa upande gani. Ninayoyaandika hapa ni yale tuliyopaswa kuambiwa siku ile. Naongea zaidi na anayemwangalia mwenye mashine kuliko mwenye mashine mwenyewe, maana vidole vya mtu wa miaka 70 na ushei havipatani na betri ndogo kama punje ya hindi. Hospitali huandika "shimesikio". Kwetu ni mashine, basi.

Kwanza sikio lenyewe

Usitangulie dukani. Anza kwa daktari wa masikio, pua na koo, achungulie. Wapo wanaodhani wameshakuwa viziwi kumbe nta imeziba njia. Ikitolewa wanarudi nyumbani wanasikia. Kama kuna usaha, utibiwe kwanza, kwa sababu kuziba sikio linalotoa usaha ni kuufuga. Na tangu leo achana na vijiti vya pamba, unyoya wa kuku na mafuta ya moto. Kijiti hakitoi nta, kinaishindilia ndani.

Mtajie daktari dawa ambazo mgonjwa amewahi kutumia. Sindano za streptomaisini na kanamaisini zilizokuwa zikitumika kwa kifua kikuu, na jentamaisini pia, zinaweza kuharibu sikio la ndani lisirudi tena. Kwinini nayo huleta mvumo masikioni, ingawa mara nyingi hutulia dozi ikiisha.

Sikio likizima ghafla, ndani ya siku 3 au pungufu, hasa la upande mmoja, usingoje kliniki ya wiki ijayo. Nenda siku hiyo hiyo. Dawa ipo, na kadiri siku zinavyopita ndivyo inavyokosa nguvu.

Karatasi ya kipimo

Kipimo chenyewe hakiumi. Mgonjwa anakaa kwenye chumba kisichopitisha kelele, anavishwa vipokea sauti, na kila akisikia mlio, hata uwe hafifu namna gani, anabonyeza kitufe. Mwambie mapema asione haya kubonyeza akiwa na shaka. Mama mara ya kwanza alingoja mpaka awe na hakika, akaonekana kiziwi kuliko alivyo.

Mwishoni hutoka grafu. Kushoto ni sauti nene, kuanzia Hezi 250 (Hezi hupima unene na wembamba wa sauti), kulia ni sauti nyembamba mpaka Hezi 8000. Juu ni sauti ndogo, chini ni sauti kubwa. Sikio la kulia huchorwa kwa viduara vyekundu, la kushoto kwa alama za X za buluu. Mstari ukikaa juu, kwenye desibeli zisizofika 20 (desibeli hupima ukubwa wa sauti), sikio ni zima. Shirika la Afya Duniani huhesabu kwamba mwenye kuanzia desibeli 35 kwenye sikio lake bora ni wa kusaidiwa, na watu wa namna hiyo ni takriban milioni 430 duniani. Omba nakala ya grafu, uipige picha kwa simu. Karatasi hupotea, na mtaalamu mwingine yeyote atakayeshika mashine ataihitaji.

Grafu ya mama ilianza vizuri upande wa sauti nene, kisha ikateremka kama ngazi ya mnazi upande wa sauti nyembamba. Huo ndio uziwi wa uzee ulivyo kwa wengi, na hapo ndipo fisi alipozaliwa. Irabu zetu, a, e, i, o, u, ni sauti nene zenye nguvu. S, f, sh na th ni pumzi tu, nyembamba, zinakaa kule mstari ulikoanguka. Kwa kuwa karibu kila neno la Kiswahili lina irabu kila baada ya konsonanti moja au mbili, mzee anasikia kabisa kwamba unaongea, pengine hata silabi anaweza kuzihesabu, lakini "sisi" na "fisi" kwake ni ndugu wa tumbo moja. Akikwambia "sauti naipata, maneno ndiyo siyapati", amekusomea grafu yake bila kuiona.

Kilichomo ndani

Ukiifungua mashine utakuta vitu vinne: kinasa sauti, kompyuta ndogo, spika na betri. Kinasa sauti huchukua sauti ya nje na kuigeuza umeme. Kompyuta huichambua na kuipanga upya. Spika huirudisha kuwa sauti na kuisukuma sikioni. Za nyuma ya sikio husukuma kupitia mrija na kizibo. Nyingine spika yake imening'inia kwenye waya mwembamba, inakaa ndani ya tundu la sikio. Mashine za kidijitali kamili zilianza kuuzwa katikati ya miaka ya 1990. Kabla ya hapo nafasi ya kuipanga sauti kwa grafu ya mtu ilikuwa ndogo zaidi.

Hapo kwenye kompyuta ndipo pesa yako ilipokwenda. Inaikata sauti mafungu mafungu, nene mbali na nyembamba mbali, halafu kila fungu inaliongeza kwa kiasi ambacho grafu inadai. Fungu la irabu za mama linaguswa kidogo tu, fungu la s na f linainuliwa sana. Ndiyo maana mashine ya jirani aliyefariki haiwezi kurithiwa hivi hivi. Lazima ipangwe upya kwa grafu ya mrithi, na kizibo kichongwe kipya.

Kuna jambo la pili ambalo familia nyingi hazilielewi. Sikio la ndani lina seli zenye vinyweleo, kama 15,000, na zikifa hazioti nyingine. Kazi ya nyingi kati ya hizo ni kuinua sauti ndogo. Zikifa, sauti ndogo inapotea, ila sauti kubwa bado inaumiza kama zamani. Kwa hiyo mzee anakwambia "sema kwa sauti!", ukipandisha anakugeukia, "mbona wanifokea?" Hakufanyii visa. Nafasi kati ya asichosikia na kinachomuumiza imebana. Mashine nzuri inajua hilo: mnong'ono inauinua sana, sufuria likianguka hailiongezi karibu kitu.

Vile vikuza sauti vya bei ya chee vinavyouzwa mitaani na mitandaoni havijui. Vinapandisha kila kitu, na sufuria pia. Siwezi kumshauri mtu avinunue, wala kwa majaribio.

Kuchongewa kizibo

Kwa mashine ya nyuma ya sikio, kizibo ndicho kinachoamua kama itavaliwa. Mtaalamu kwanza anaingiza kipande kidogo cha sponji chenye uzi, ili ule ujiuji wa kuchukulia umbo la sikio usifike kwenye kiwambo cha sikio. Akitaka kusukuma ujiuji bila kuweka sponji, mzuie kwa adabu. Kisha anajaza, mnangoja dakika chache ugande, anatoa umbo la sikio lilivyo. Mgonjwa atafune na aongee kidogo wakati unaganda, maana tundu la sikio hubadilika taya linapocheza.

Mtoto anayekua huhitaji kizibo kipya mara kwa mara, mchanga hata kila baada ya miezi michache. Mzee aliyekonda baada ya kuugua vilevile. Hilo lilitupita kabisa.

Kabla hujalipa, uliza: bei hii ina kizibo ndani yake? Marudio ya kurekebisha ni mangapi? Betri za aina hii zinapatikana mji ninaoishi? Ikiharibika inatengenezwa hapa au inasafirishwa? Anayeshindwa kujibu la nne, fikiria mara mbili.

Kuvaa

1. Kaa mahali penye mwanga, tandika taulo mezani. Mashine ikianguka kwenye taulo haivunjiki.
2. Tafuta alama ya rangi. Nyekundu ni kulia, buluu ni kushoto.
3. Ingiza kizibo kwanza, mashine ikiwa bado imezimwa. Vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili, sukuma kizibo huku ukikizungusha kidogo kuelekea nyuma ya kichwa.
4. Angalia kile kichongo cha juu cha kizibo kimeingia chini ya mkunjo wa sikio. Kikiachwa nje, mluzi hauishi.
5. Pandisha mashine nyuma ya sikio, mrija usijipinde.
6. Washa kwa kufunga mlango wa betri. Wengi hupata vimilio vichache, kisha sauti inaingia.

Wiki za mwanzo

Miwani unaivaa ukasoma. Mashine haiko hivyo. Ubongo ulishasahau sauti ya ndala sakafuni, ya mfuko wa nailoni, ya mkojo ukidondoka chooni, na sasa vyote vinarudi pamoja vikidai kusikilizwa. Siku za kwanza avae ndani, kwenye utulivu, saa chache, aongee na mtu mmoja. Halafu watu wawili. Kisha televisheni. Halafu barazani. Soko, harusi na daladala viwe vya mwisho. Wengine huzoea wiki mbili, wengine hufika mwezi wa tatu. Sauti yake mwenyewe itamjia kama anaongea ndani ya mtungi. Ikizidi, mtaalamu huweza kupanua kitobo cha hewa kwenye kizibo.

Nunua daftari. Likiandikwa "mashine haifai", mtaalamu hana la kufanya nalo. Likiandikwa "sahani zikigongana naumia", "mume wangu namsikia, mjukuu simsikii", "nikitafuna inapiga mluzi", kila moja lina pa kurekebishia ndani ya programu ya kompyuta. Daftari la mama lilikuwa na mistari 11. Tuliporudi nalo, alirekebishiwa tisa kikao kimoja, na miwili ilikuwa ya kizibo.

Kila asubuhi, dakika mbili

Betri za kawaida ni za zinki zinazotumia hewa, zenye vitobo vidogo mgongoni. Rangi ya kibandiko ndiyo saizi: manjano ni 10, kahawia 312, chungwa 13, buluu 675. Bandua kibandiko, iache mezani dakika mbili tatu ivute hewa, ndipo uiweke. Ukiisukuma papo hapo inaweza kuwaka kichovu. Na ukishabandua, hata usipoitumia inakwisha, kurudisha kibandiko hakuiokoi. Upande bapa wenye alama ya + hutazama juu. Mlango ukigoma kufunga, betri imegeuzwa, usilazimishe. Saizi 13 ya mama hufika siku kumi hivi.

Zipo za kuchaji pia, lakini angalia umeme wa kwenu ulivyo kabla hujashawishika. Kule Otse nchini Botswana walikwenda mbele zaidi, wakabuni chaja ya betri hizi inayotumia jua, na baadhi ya waliozitengeneza walikuwa viziwi wenyewe.

Ishike mashine iliyowashwa ndani ya ngumi. Ikipiga mluzi, iko hai. Kisha mvalishe, simama hatua moja kutoka kwake, ziba mdomo kwa karatasi asisome midomo, na utamke bila kufuata mpango: a, u, i, m, sh, s. Arudie kila moja. Sauti hizi sita zinapita kwenye upana wote wa usemi, kutoka nene kabisa hadi nyembamba kabisa. Zikipita zote, siku imeanza. Ikianza kupotea s peke yake, mrija una unyevu au nta, au sikio limebadilika. Kwa mtoto asiyejua kusema sikio jana lilikuwaje na leo likoje, usiruke kipimo hiki hata siku moja.

Mluzi

Mluzi ni sauti iliyotoka kwenye spika, ikavuja nje, ikaingia tena kwenye kinasa sauti na kuzunguka. Msemaji wa mkutano akisogea mbele ya spika unaujua. Tafuta tundu linapovujia. Toa mashine sikioni ikiwa inawaka, ziba kitobo cha kizibo kwa kidole. Mluzi ukinyamaza, mvujo ulikuwa kati ya kizibo na sikio: kimevaliwa vibaya, kimelegea, au nta imejaa na inarudisha sauti. Ukiendelea, mrija umepasuka au ndoano, ile sehemu iliyopinda inayounganisha mrija na mashine, imelegea. Mrija huwa mgumu na wa manjano, hubadilishwa kila miezi mitatu hadi sita, na ni kitu cha bei ndogo. Kushusha sauti mpaka mluzi uishe si tiba, maana umemnyima usikivu ulioununua.

Usiku, hasa Pwani

Joto la Tanga, Mombasa au Unguja halina shida. Unyevu na jasho la chumvi ndio adui. Kila usiku fungua mlango wa betri uuache wazi, futa mashine kwa kitambaa kikavu, uitie kwenye kopo lenye mfuniko unaobana pamoja na vile vipakiti vya punje za kukausha vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu vipya. Betri iliyo hai ikae nje ya kopo. Usianike mashine juani, usiiweke juu ya friji wala karibu na jiko. Mchele siupendi kwa sababu unga wake unaingia kwenye vitobo.

Mara moja kwa wiki chomoa kizibo na mrija wake kutoka kwenye ndoano, ukioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, upulize maji yaliyobaki kwenye mrija kwa kipulizio, ukiache hadi asubuhi. Mashine yenyewe haiguswi na maji, wala aina ile yenye spika sikioni. Hiyo hupigwa brashi kavu na kubadilishwa kichujio cha nta.

Vitu vidogo vya kila siku

Udhu: zivuliwe kabla, ziingie kwenye kikasha mfukoni. Mashine ya kwanza ya mama iliteleza ukingoni mwa karai ikaogelea. Mtandio ukipita juu ya kinasa sauti unakwaruza kama bati. Ulegezwe pale, au ufungwe nyuma ya sikio. Mafuta ya nazi ya nywele yapakwe kwanza, yakauke, ndipo mashine. Ukivua barakoa au miwani, shika sikio kwa mkono mwingine, zimepotea nyingi hivyo. Bodaboda ni upepo mtupu, bora zizimwe.

Simu isiwekwe kwenye tundu la sikio. Kinasa sauti kiko juu, nyuma ya sikio, basi simu ipandishwe pale. Mama alipooneshwa hili alikaa kimya kidogo, akampigia mdogo wake Pangani, wakaongea mpaka salio likaisha.

Betri hizi zinafanana na peremende. Mtoto akimeza, au akiingiza puani, mkimbizeni hospitali papo hapo, msimtapishe, na mchukue pakiti ya betri mwende nayo.

Inapofika mwisho wake

Mashine inasaidia sana mtu akiwa hatua moja au mbili mbele yako. Chumba chenye watu 20 na feni tatu bado ni kazi ngumu. Mwite kwa jina kwanza, akutazame, uongee taratibu bila kufoka, na asipoelewa badilisha neno badala ya kulirudia. Kwa aliyepoteza karibu usikivu wote, mashine inaweza isitoshe. Upandikizaji wa kifaa cha sikio la ndani umekuwa ukifanyika Muhimbili tangu 2017, na mtoto wa namna hiyo asicheleweshewe lugha ya alama huku watu wazima wakiendelea kushauriana.

Harusini, taarabu ikipamba moto, mama huzivua mwenyewe na kuzitia kwenye pochi. Sisi kazi yetu imebaki moja, kuhakikisha milango ya betri iko wazi.